Kutembea juu ya makaa ya moto Dar es Salaam: mwongozo kamili kwa anayealikwa mara ya kwanza

Mwaliko wenyewe huja kimyakimya. Kampuni imetangaza siku ya kujenga timu, au rafiki amekutumia tangazo la semina ya kujiamini itakayofanyika ufukweni Kigamboni. Unasoma ratiba: kufika saa tisa, mada, chai, michezo, na chini kabisa mstari mmoja unasema saa mbili usiku, kutembea juu ya moto. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Nitaungua? Huu si ushirikina? Nikikataa, wenzangu ofisini watanionaje?

Yote nitayajibu, lakini kuna jambo moja naomba ulishike tangu sasa, maana mengine yote yanatoka humo. Kinachomlinda mtu juu ya makaa si imani yake wala makofi ya watu. Ni aina ya makaa, namna yalivyotandazwa, na namna anavyoweka mguu. Anayelijua hilo huenda kuukagua moto kwanza, ndipo anaamua kama atavuka au atabaki kuwashangilia wenzake.

Kwa nini miguu haiungui

Makaa mekundu yanaweza kupita nyuzi joto 500 za Selsiasi. Ukisikia hivyo unadhani ngozi itayeyuka palepale. Lakini ukali wa joto ni jambo moja, na kasi ya joto hilo kuingia mwilini ni jambo jingine. Kaa la kuni ni jepesi, limejaa matundu, na hupitisha joto polepole sana. Likianza kuvaa majivu, yale majivu yanakuwa kama pazia kati ya moto na ngozi. Mguu nao umejaa maji, na damu inazunguka ndani yake ikiondoa joto, kwa hiyo unahitaji kupokea joto jingi kabla ngozi haijafika mahali pa kuungua. Na kila unyayo hugusa makaa kwa muda usiofika sekunde moja.

Aliyewahi kupika mkate wa kumimina kwa moto wa juu na chini ameshaliona hili jikoni kwake. Ukifunua, unagusa mkate kwa kidole kujua kama umeiva, na hupati neno. Kidole hichohicho kikiteleza kikagusa ukingo wa sufuria, utaruka. Mkate na sufuria vimetoka kwenye moto uleule, ila chuma hukumwagia joto lake lote mara moja na mkate hautoi kwa haraka hiyo.

Mambo haya yalipimwa zamani. Mwaka 1935 mtafiti Harry Price alisimamia majaribio huko Surrey, Uingereza, ambako Kuda Bux, mwanamazingaombwe kutoka Kashmir, alivuka makaa mbele ya madaktari na wanasayansi. Majaribio mengine yakafuata mwaka 1937, na watu wasio na mafunzo yoyote ya kiroho nao wakavuka. Kilichoonekana ni kwamba siri iko kwenye kuni kupitisha joto taratibu na mguu kugusa kwa muda mfupi. Katika miaka ya 1980 mwanafizikia Bernard Leikind wa Marekani aliieleza hoja hiyohiyo kwa umma, wakati semina za aina hii zikishika kasi nchini mwake.

Upande wa pili wa habari ni kwamba watu huungua, na huungua kwa idadi. Julai 2012, San Jose, California, watu 21 walihitaji matibabu baada ya kuvuka makaa kwenye semina ya mhamasishaji Tony Robbins. Juni 2016, Dallas, kwenye semina ya mhamasishaji huyohuyo, wapatao 30 waliungua. Juni 2022 huko Wädenswil, karibu na Zurich nchini Uswisi, wafanyakazi wa kampuni moja walifanya shughuli hii kama sehemu ya burudani ya kazini. 25 wakaumia, na 13 kati yao wakapelekwa hospitali. Kule Marekani maelfu walivuka usiku uleule bila kudhurika, na hilo lazima lisemwe. Lakini kama ingekuwa ni nguvu ya akili tu, wale walioungua wangekuwa ndio wenye mioyo dhaifu, na huo ni uonevu mkubwa kwa mtu mwenye malengelenge mguuni. Moto mmoja haufanani na mwingine, na hata kitanda kimoja cha makaa huwa na sehemu za hatari na sehemu za salama.

Je, ni ibada?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, wakati wa chai, na linastahili jibu la wazi. Duniani kuna jamii ambazo kwao kuvuka moto ni ibada kamili. Wahindu wenye asili ya kusini mwa India hufanya Thimithi kwa heshima ya mungu wa kike Draupadi, na huko Singapore hufanyika kila mwaka katika hekalu la Sri Mariamman. Kijiji cha Bulgari nchini Bulgaria huvuka makaa wakiwa na sanamu takatifu za Mtakatifu Konstantino na Mtakatifu Helena, na mila hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2009. Wakazi wa San Pedro Manrique, Hispania, huvuka usiku wa tarehe 23 Juni, wengi wao wakiwa wamebeba mtu mgongoni. Huko Fiji, watu wa kisiwa cha Beqa hutembea juu ya mawe yaliyochomwa, na kazi hiyo ina wenyewe.

Semina ya ufukweni ni kitu kingine. Haina kafara, dawa wala mungu anayeitwa. Hata hivyo usikisie. Muulize mwandaaji siku kadhaa kabla kama kutakuwa na sala, kiapo, kuimba maneno kwa lugha usiyoijua, au kupakwa chochote miguuni. Akijibu kwa kuzungukazunguka, una haki ya kubaki nyumbani.

Wahamasishaji wetu pia hupenda kuleta habari za Shadraka, Meshaki na Abednego, au za Nabii Ibrahim ambaye moto uliamrishwa uwe baridi kwake. Mimi naona si sawa. Simulizi zile kwa waumini ni muujiza wa Mungu, na tanuru halikuwa kitanda cha makaa chenye urefu wa mita tatu. Kuzitumia kumsukuma mtu mwenye wasiwasi ni kumweka njia panda: akikataa kuvuka, aonekane hana imani kwa Mola wake. Kuwa na imani na kutotaka kukanyaga makaa vinakaa vizuri kabisa kwa mtu mmoja.

Siku kadhaa kabla: muulize mwandaaji

Usione haya kupiga simu. Mwandaaji anayeijua kazi hujibu maswali haya bila kukasirika, na namna anavyojibu inakueleza mengi kuliko tangazo lake.

Nani atauwasha na kuutunza moto, na amejifunzia wapi? Anayeongea jukwaani mara nyingi si yule anayejua moto, na wewe unamhitaji huyu wa pili. Watatumia kuni gani? Kitanda kitakuwa na urefu gani? Mita tatu hadi nne zinamtosha kabisa mtu wa mara ya kwanza. Anayekuahidi mita kumi anatafuta video. Maji yatakuwepo kiasi gani, na yatatoka wapi? Ufukweni jibu la "bahari si hii hapa" halitoshi, kwa sababu mtu aliyeungua hahitaji kutembezwa kwenye mchanga gizani hadi kwenye mawimbi. Kuna mtu wa huduma ya kwanza, na gari la kumkimbiza mgonjwa limeegeshwa mahali pa kutokea? Kigamboni hili ni swali zito, kwa kuwa usiku pantoni ina foleni yake na Daraja la Nyerere lina umbali wake.

Kama ni shughuli ya ofisi, ongeza maswali mawili kwa afisa rasilimali watu. La kwanza: shughuli hii inahesabika kuwa kazi, ili mtu akiumia iwe wazi nani anabeba matibabu na kama mwajiri atatoa taarifa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? La pili: kuvuka ni hiari, na hiari hiyo imeandikwa? Utakuta fomu ya kukubali hatari inakusubiri mlangoni. Omba uletewe mapema uisome ukiwa umetulia, usije kutia saini huku spika inapiga na foleni iko nyuma yako.

Nani asivuke

Mwenye kisukari asivuke. Naliweka la kwanza kwa sababu Dar es Salaam ina watu wengi wenye kisukari, na baadhi hawajui kama wanacho. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu, hivyo mtu anaweza kuungua bila kusikia, na kidonda kidogo cha mguu kikageuka safari ndefu ya hospitali. Vivyo hivyo kwa yeyote ambaye miguu yake hufa ganzi, iwe ni kwa sababu ya dawa anazotumia, mgongo au ugonjwa wa neva. Kipimo rahisi: kama ndala huchomoka mguuni bila wewe kujua, kaa pembeni.

Mjamzito, mtoto, mwenye kifafa, mwenye tatizo la moyo, mwenye kidonda au fangasi waliochubua katikati ya vidole, na aliyekunywa pombe hata bia moja, wote wabaki watazamaji. Hapa sina mjadala.

Kuna kundi la katikati ambalo watu hulisahau: wenye magaga. Nyufa za kisigino hunasa vipande vya kaa, na kipande kilichonasa hakigusi tena kwa nusu sekunde, kinakaa. Kama magaga yako ni ya kawaida, paka mafuta ya mgando kila usiku kwa wiki mbili tatu kabla, kisha siku yenyewe osha mafuta yote yatoke. Kama yamepasuka hadi kutoa damu, ahirisha. Na kinyume chake pia kina hatari: usiende saluni kusuguliwa miguu wiki hiyo. Ile ngozi ngumu ya unyayo ambayo unalipa ili ikwanguliwe, safari hii unaihitaji.

Siku yenyewe: nguo, chakula, usafiri

Vaa pamba. Kitenge cha pamba, jinzi, kaptula, vyote vinafaa mradi pindo lipande juu ya kifundo. Nailoni na poliesta huyeyuka na kugandamana na ngozi, na mabaibui mengi siku hizi ni ya vitambaa hivyo. Anayevaa baibui na angependa kuvuka bila kuacha stara yake, avae suruali ya pamba ndani na alikusanye baibui juu ya magoti kwa mikono miwili, au amwombe mwandaaji zamu ya wanawake peke yao. Nimeona waandaaji wakikubali bila shida walipoambiwa mapema. Kanga ya kujifunga kiunoni iache kwenye begi. Inafunguka wakati ambao hutaki ifunguke.

Vua vikuku vya mguuni na pete za vidole vya miguu. Vya chuma vinashika joto kama ule ukingo wa sufuria. Hina haina tatizo.

Kula chakula chepesi mchana, kunywa maji, usije na njaa. Jua la Dar na unyevu wa pwani vinachosha, na utakuwa umesimama kwa saa nyingi kabla ya zamu yako. Beba ndala pana za kurudia nyumbani, tochi, taulo ndogo na chupa mbili kubwa za maji ambazo ni zako peke yako. Usije na bodaboda kama huna uhakika wa kurudi na kitu kingine, kwa kuwa malengelenge ya unyayo na kigingi cha pikipiki haviendi pamoja.

Jioni inavyokwenda

Kazi ya moto huanza mapema kuliko unavyodhani. Kuni hupangwa na kuwashwa jua likiwa bado halijazama, kisha huachwa ziungue kwa saa mbili hivi, wakati mwingine zaidi, mpaka miali iishe na yabaki makaa. Dar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro kila mwezi wa mwaka, kwa hiyo kipindi cha moto kuwaka huangukia Magharibi. Mwandaaji makini huacha nafasi ya swala na huonyesha mahali pa kutilia udhu. Usipoona hilo kwenye ratiba, waambie mapema.

Wakati kuni zinaungua, nyinyi mtakuwa ukumbini au chini ya minazi mkiongozwa na mwezeshaji. Tegemea mazungumzo kuhusu hofu, mazoezi ya kupumua, kupiga kelele kwa pamoja, kukumbatiana na watu usiowajua. Mara nyingi mtapewa karatasi muandike hofu zenu na kuzitupa motoni. Baadhi ya semina huongeza kuvunja ubao kwa kiganja au kutembea juu ya vipande vya chupa. Sehemu hii ya hofu ina thamani ya kweli, na siibezi. Mtu aliyebeba woga wa kuachishwa kazi kwa mwaka mzima, akausema mbele ya wenzake, anatoka mwepesi hata kama mguu wake hautagusa kaa.

Kelele ndizo zinazonipa wasiwasi. Singeli ikipanda, watu mia wakikuimbia jina, unaweza kujikuta mbele ya makaa bila kuwa umeamua. Kwa hiyo amua kabla ya muziki: jiambie kitu gani kikionekana hutavuka, umwambie na mwenzako mmoja akukumbushe.

Kuukagua moto

Hii ndiyo sehemu niliyotaka uifikie. Makaa yakishatandazwa, sogea karibu kadiri wanavyoruhusu, kaa upande upepo unakotoka, uangalie kwa macho yako.

Kitanda kizuri kina rangi ya majivu juu na wekundu unaopumua chini yake. Makaa ni madogo, yanalingana, na yamesawazishwa kwa reki mpaka hakuna kifusi wala shimo. Tabaka ni jembamba, sentimita chache tu juu ya udongo au mchanga uliopigwapigwa ukashikamana. Mtunza moto anapopitisha reki unasikia mlio mwepesi kama wa kukanyaga majani makavu. Ukisikia mlio wa kitu kizito kinachogonga chuma, kuna jiwe au msumari mle ndani.

Msumari ndio adui wa kwanza. Mbao za mapaleti na mabaki ya ujenzi ni rahisi kupatikana mjini hapa, na zimejaa misumari. Nyingine zimepakwa rangi au dawa ya mchwa ambayo moshi wake haufai kuvutwa. Moto uliotengenezwa kwa mbao za hivyo, usiukanyage. Adui wa pili ni mwali. Ukiona bado kuna miali inayoruka, makaa hayajawa tayari, hata kama mshereheshaji anasema muda umekwisha. Wa tatu ni kina: tabaka likiwa nene, mguu unazama, na kaa linafika juu ya unyayo, penye ngozi laini.

Kuhusu kuni, mwembe na miti mingine migumu ya kawaida inafaa. Mvinje, ambao umejaa kwenye fukwe zetu, hutoa moto mkali sana na makaa yake hudumu. Unafaa, ila lazima usubiriwe zaidi. Mkaa wa gunia uliomwagwa na kuwashwa ni njia ya mkato: vipande ni vikubwa na havilingani, na chini ya gunia mara nyingi kuna mawe. Mkaa mbadala wa kubonyezwa ni mzito, na uzito unamaanisha joto zaidi mguuni. Vifuu navyo vina kingo kali na huwaka kwa ukali. Mikoko isiguswe kabisa, ni misitu ya hifadhi.

Upepo nao usiudharau. Ufukweni, iwe kaskazi au kusi, jioni hupuliza makaa na kupeperusha yale majivu yanayokulinda. Utaona kitanda kilichokuwa cha kijivu kikigeuka chekundu chote kwa pigo moja la upepo. Hapo mtunza moto mzuri husimamisha foleni, akasubiri, akapitisha reki upya. Asiposimamisha yeye, simama wewe. Masika ina shida nyingine, kuni mbichi zinazotoa moshi na kuchelewa, na hamu ya watu kuharakisha kwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa yakimwagwa baada ya moto kuwaka, ondoka eneo hilo.

Angalia mwisho kabisa: mtunza moto au mwezeshaji anavuka yeye wa kwanza? Kama hataki kuvuka moto wake, umeshapata jibu.

Kuvuka

Nakushauri usiwe wa kwanza, wala usiwe wa mwisho kabisa makaa yanapoanza kuvurugika na kuchimbika. Chagua nafasi ya katikati, lakini kama kitanda kimetoka kuchanganywa upya, mpishe mwingine au subiri kitulie.

Futa mchanga miguuni, hasa katikati ya vidole. Miguu iwe mikavu. Miguu iliyolowa hunasa vipande vya kaa. Simu ibaki mfukoni mwa mtu mwingine. Subiri aliye mbele yako atoke kabisa kwenye makaa, kwa kuwa akisita na wewe uko nyuma yake, mtasimama wote wawili motoni.

Kisha tembea. Mwendo ni wa mtu anayewahi daladala ambayo haijaanza kuondoka: wa haraka, wa hatua za kawaida, bila kukimbia. Anayekimbia huchimba kwa vidole na kurusha makaa juu ya mguu. Anayenyata husimama mno mahali pamoja. Weka unyayo wote bapa, kisigino na vidole pamoja. Macho yaelekee mbele kwa mtu anayekupokea, si chini. Ukishaanza, usirudi nyuma wala usisimame. Hatua nne au tano na umefika. Ukiona katikati kunazidi joto, njia ya kutoka iliyo karibu ni pembeni, kwa kuwa kitanda kina upana wa mita moja hivi. Toka pembeni bila aibu.

Wengi husema walihisi kitu kama mchanga wa saa nane mchana, au joto jepesi na ukwaruzo. Wachache husikia mchomo mkali mahali pamoja. Ukifika, kanyaga majani mabichi au turubai lililoloweshwa, kisha ingiza miguu kwenye beseni la maji, na uikung'ute vizuri.

Kama umefika mbele ya makaa na mwili umekataa, nyosha mkono, sogea pembeni, mpishe wa nyuma. Sema, "Naomba nisivuke, kaka," hiyo inatosha. Usiku mmoja mama mmoja wa makamo alitoka foleni akiwa zamu yake imefika, na mtunza moto akamwachia reki ya akiba amsaidie kusawazisha kingo. Hakuna aliyemwuliza chochote. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Miguu baada ya kuvuka

Furaha na msisimko huficha maumivu kwa nusu saa nzima, kwa hiyo usisubiri kusikia. Kaa chini, washa tochi, angalia nyayo zote mbili, katikati ya vidole na upinde wa mguu ambako ngozi ni laini. Toa vipande vya kaa vilivyonasa.

Ukiona wekundu unaouma au lengelenge, mimina maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi kuliko unavyofikiri, na ndiyo sababu nilikuambia uje na maji yako. Yakiisha, tumia ya beseni safi huku yakibadilishwa. Usiweke barafu. Usipake dawa ya meno, samli, yai, asali wala unga. Najua bibi zetu walipaka, na walipaka kwa upendo, lakini vitu hivi hufungia joto au huingiza vijidudu, na nesi atalazimika kuvikwangua juu ya ngozi iliyoungua. Usitoboe lengelenge. Funika kwa gozi safi isiyobana, meza paracetamol, vaa ndala.

Nenda hospitali usiku huohuo kama lengelenge ni kubwa kuliko sarafu, kama yako mengi, kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, au kama sehemu iliyoungua haiumi kabisa, maana hiyo ni ishara kwamba moto umeingia ndani. Mwenye kisukari aliyevuka kwa kutokujua aende hata kwa wekundu tu. Mwananyamala, Amana na Temeke ndizo hospitali za rufaa za mkoa. Pantoni au daraja vikikusumbua anzia kituo cha afya kilicho karibu. Kaulizie pia chanjo ya pepopunda kama hukumbuki ulichomwa lini. Moto ukiwa umeshika nguo, turubai au makuti ya banda, namba ya Zimamoto ni 114.

Usilipe chochote usiku ule

Ukimaliza kuvuka utajihisi unaweza kuhamisha mlima. Dakika hizo ndipo meza ya usajili wa kozi inayofuata hufunguliwa, yenye bei kubwa na "punguzo la leo tu". Usitoe simu kulipa. Kozi inaweza kuwa nzuri; itakuwa nzuri vilevile Jumatatu ukiwa umelala na umepiga hesabu. Na yeyote atakayekuambia kwamba makaa yamethibitisha una nguvu maalumu inayopaswa kuendelezwa na yeye, mkumbuke Kuda Bux na vipimo vya mwaka 1935. Ulichokivuka kweli ni woga wako, na huo haudaiwi ada.

Makaa yaliyobaki

Hili liwe la kila mtu aliyehudhuria. Baada ya tukio utaona vijana wakifukia makaa kwa mchanga ili eneo lionekane safi. Wazuie. Makaa yaliyofukiwa hukaa na moto kwa saa nyingi, na mchanga wa juu unaonekana wa kawaida kabisa. Alfajiri wavuvi wanapita hapo peku, na Jumapili watoto wanacheza mpira palepale. Makaa yazimwe kwa maji mengi, yachanganywe kwa reki, yamwagiwe tena, mpaka mtu aweze kuyashika kwa mkono, kisha yazolewe kwenye magunia na kuondolewa. Kama mwandaaji ameshaondoka, bakini watu wachache na ndoo. Maji ya bahari kwa kazi hii yanafaa kabisa.

Kesho yake vaa ndala au viatu vya wazi kazini, usivae soksi za nailoni, na kagua nyayo asubuhi na jioni kwa siku tano hivi. Lengelenge likipasuka lenyewe, osha kwa maji na sabuni, funika upya. Likianza kutoa usaha, kunuka, au wekundu ukapanda kuelekea kifundo, rudi hospitali siku hiyohiyo.